Chumbe: mabanda 7, mwamba mmoja na hesabu za biashara ya kisiwani

Kila asubuhi ya msimu, katika pwani ya Mbweni kusini kidogo ya mji wa Zanzibar, mashua ya injini hupakia wageni wachache na mabegi yao, kisha huelekea kusini. Safari huchukua takriban robo tatu ya saa. Inakoishia ni Chumbe, kisiwa cha hekta 22 hivi chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msikiti wa zamani, msitu wa juu ya mawe na mabanda 7 ya kulala wageni. Hakuna duka, hakuna barabara, na chumbani hakuna televisheni wala kiyoyozi. Hata hivyo, anayelala hapo hulipa bei isiyopungua ile ya hoteli kubwa za pwani zenye mabwawa ya kuogelea na muziki wa usiku.

Kwa mfanyabiashara, hilo ni jambo la kuchunguzwa. Katika miaka ya karibuni mitaji mingi, mikubwa na midogo, imeelekezwa visiwani. Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, na kila panapotajwa hoteli mpya hujitokeza mwenye mashua anayetaka kununua injini ya pili, fundi anayetaka zabuni, na mwenye akiba anayeuliza kama auze kiwanja chake anunue vifaa vya kupigia mbizi. Wengi huhesabu vitanda. Uzoefu wa Chumbe unaonyesha kwamba wa kuhesabiwa kwanza ni mwamba.

Anachonunua mgeni

Siku ya mgeni wa Chumbe haina mambo mengi, na huo ndio utamu wake. Huamka banda likiwa wazi upande wa bahari, upepo ukipita bila feni. Maji yakifika kiasi kinachofaa, huvaa miwani ya kuogelea, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira, akaingia baharini na mlinzi wa kisiwa anayeujua mwamba kama mkulima anavyojua shamba lake. Haendi kina kirefu. Hulala juu ya maji, uso ukitazama chini, na mita chache chini yake huona matumbawe ya kila umbo, changu, pono, kangaja na chewa, pengine taa aliyejifukia mchangani au kasa akipita. Maji yakipwa, hutembezwa ufukweni na kuonyeshwa viumbe vilivyobaki madimbwini. Jioni hupanda mnara kutazama jua likizama, na usiku huonyeshwa wale kaa wakubwa wanaokula nazi, ambao sehemu nyingi za dunia wamekwisha kuliwa. Msituni wamo paa nunga, mnyama aliyebakia mahali pachache mno duniani.

Wataalamu wamehesabu Chumbe zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu, kiasi cha aina 9 katika kila 10 zilizopata kuorodheshwa Afrika Mashariki, pamoja na aina za samaki zaidi ya 400. Yote hayo yamo katika ukanda mwembamba upande wa magharibi wa kisiwa.

Kwa lugha ya soko, mgeni hanunui kitanda. Kitanda kizuri anacho nyumbani kwake. Ananunua saa 2 za kutazama mwamba ulio hai, na utulivu wa kujua kwamba hakuna watu 60 wengine wanaoutazama pamoja naye. Bidhaa ya namna hiyo ina tabia yake: ukiongeza wateja kupita kiasi, unapunguza thamani ya kile wanachokijia. Ndiyo maana mabanda yamebaki 7 tangu mwanzo, ingawa eneo la kuongeza lingeweza kupatikana.

Mwamba ulivyosalimika

Mwamba huu haukusalimika kwa sababu ya utalii. Upande wa magharibi wa Chumbe upo karibu na njia ya meli zinazokwenda na kutoka Dar es Salaam, na pwani ya Unguja inayoukabili ilikuwa na eneo la mazoezi ya jeshi. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kutupa nyavu hapo. Wakati miamba mingine ya karibu na mji ikivuliwa kila siku, na mingine ya pwani ya Tanzania ikipigwa baruti, huu uliachwa ukikua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhifadhi kutoka Ujerumani, Sibylle Riedmiller, aliuona na kuja na wazo ambalo wakati huo lilikuwa geni: kampuni binafsi ilinde mwamba kwa fedha za wageni. Kampuni ya Chumbe Island Coral Park iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza rasmi mwamba na msitu kuwa hifadhi na kukabidhi usimamizi wake kwa kampuni hiyo. Wageni walianza kupokewa kwa biashara kamili mwaka 1998.

Mwenye jicho la biashara atazame tena miaka hiyo: 1992 hadi 1998. Ujenzi uliokusudiwa kuchukua miaka michache ulizidi sana muda wake, na gharama zilipanda mara kadhaa ya makisio ya awali hadi kufikia kiasi cha dola milioni 1.2 za Kimarekani. Sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwa mwanzilishi na sehemu nyingine kwa wafadhili. Kama mtaji wote ungekuwa mkopo wa benki wa miaka 3, muda wa kurejesha ungekwisha kabla mkopaji hajalaza mgeni wa kulipa.

Sababu za kuchelewa hazikuwa za ajabu, na yeyote anayejenga kisiwani atakutana nazo. Kila mfuko wa saruji na kila boriti huvuka bahari kwa chombo kinachosubiri maji kujaa, kwa kuwa hakuna gati. Hakuna kisima. Vibali hupita idara nyingi, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa ardhi, uvuvi, misitu, utalii na mazingira kwa pamoja. Na mafundi hujifunza kazi wasiyowahi kuifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila banda lipate maji kutokana na mvua inayoanguka juu ya paa lake la makuti, ichujwe na kuhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu. Umeme utokane na jua. Vyoo viwe vya mboji, visivyotumia maji, na maji ya kuogea yachujwe katika vitalu vya mimea kabla ya kufika ardhini. Hayo hayakufanywa kwa mapambo. Maji machafu yakifika baharini hurutubisha mwani, mwani ukazidi matumbawe, na mwamba ukageuka jiwe. Hoteli inayopitisha bomba la choo baharini inamwaga uchafu juu ya bidhaa yake yenyewe.

Hesabu ya vitanda 14

Mabanda 7 ya watu 2 ni vitanda 14. Kisiwa hufungwa wakati wa masika, kwa kawaida katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni, hivyo mwaka wa biashara una siku 300 hivi. Vitanda 14 kwa siku 300 ni usiku 4,200 wa kuuza. Hiyo ndiyo ghala yote. Usiku usiouzwa leo hauwezi kuwekwa rafuni ukauzwa kesho, kama nyanya iliyooza.

Chukua mfano wa hesabu tu, si wa vitabu vya hoteli yoyote. Kisiwa kina gharama za kudumu za dola 300,000 kwa mwaka: mishahara, mafuta ya mashua, walinzi, matengenezo, leseni na kodi ya ardhi. Vitanda vikijaa asilimia 70, kila usiku wa mgeni hubeba gharama ya dola 102. Vikijaa nusu, ni dola 143. Vikishuka hadi asilimia 30, ni dola 238, kabla ya kununua hata samaki wa chakula chake. Mlinzi wa mwamba hulipwa mshahara uleule, mgeni awepo asiwepo. Akiachishwa kazi kwa sababu wageni hawapo, mwamba huvuliwa, na wageni wakirudi hawakuti cha kutazama.

Mwaka 2020 ulitoa somo hilo kwa visiwa vyote. Uviko-19 uliposimamisha ndege za watalii, mapato yalikatika kwa wiki chache tu, lakini bahari iliendelea kuhitaji ulinzi. Mwenye kisiwa asiye na akiba ya miezi kadhaa ya mishahara alijikuta achague kati ya kukopa na kuuacha mwamba bila mtu.

Chumbe hupunguza pengo kwa kupokea pia wageni wa kutwa, wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni, kwa idadi ndogo na pale vitanda na maji vinaporuhusu. Hao huleta fedha bila kuhitaji shuka wala tangi la maji ya kuoga usiku. Kwa mwekezaji mdogo, huo ni mfano mzuri kuliko ule wa kuongeza mabanda.

Kaskazi, kusi na bamvua

Kalenda ya biashara hii haiandikwi ofisini. Huandikwa na upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na huchafua bahari upande wa mashariki na kusini. Kaskazi huja Desemba hadi Machi na husumbua pande za kaskazini. Kati ya hizo ni maleleji, hasa Oktoba na Novemba, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Hapo ndipo mpiga mbizi hupata thamani kamili ya fedha zake. Shida ni kwamba likizo za Ulaya hazifuati maleleji. Familia nyingi husafiri Julai, Agosti na mwisho wa Desemba, pepo zikiwa zimeshika.

Kwa hiyo mahali kisiwa kilipo ni sehemu ya mtaji. Chumbe iko magharibi ya Unguja na hupata kinga ya kisiwa kikubwa. Mafia, ambako hoteli nyingi za wapiga mbizi zipo Utende katika ghuba ya Chole, wageni huogelea ndani ya ghuba hata kusi kikali, lakini kuvuka mlango wa Kinasi kwenda miamba ya nje hungoja msimu wa utulivu. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, ambaye wageni humfuata kwa miwani na mrija, huonekana zaidi upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Februari. Mwenye mashua aliyetegemea papa potwe pekee ana miezi mitano ya kazi na saba ya kukaa bure.

Juu ya upepo kuna maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika kiasi cha mita 4. Maji yakipwa sana, mashua haifiki ufukweni na mapezi ya mgeni hugonga matumbawe. Yakipita kwa kasi katika mlango, mgeni asiyezoea huchukuliwa na mkondo. Hoteli yenye busara hupanga chakula kufuata maji. Wakala wa mjini anayeahidi wageni saa maalumu ya kuogelea bila kutazama jedwali la maji anauza asichokuwa nacho.

Miwani au mtungi

Wengi husikia "utalii wa kuzamia" wakadhani ni biashara moja. Ni mbili, na mitaji yake haifanani. Chumbe huruhusu miwani na mrija tu; mbizi ya mitungi hairuhusiwi isipokuwa kwa utafiti. Mafia, Mnemba na Pemba zote mbili hufanyika.

Miwani na mrija huhitaji seti za kutosha za ukubwa mbalimbali, makoti ya kuelea, mashua salama na kiongozi anayejua kuogelea na kuokoa. Kifaa kikiharibika, hasara ni ndogo. Mgeni hajifunzi zaidi ya nusu saa.

Mtungi ni jambo jingine. Chini ya maji, kila mita 10 huongeza uzito wa hewa nzima ya juu ya bahari. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa kwa kipimo cha baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angeumaliza juu ya maji kwa saa 2. Akiwa mita 10 ni saa 1. Akiwa mita 20 ni dakika 40, na akibakisha robo ya akiba kama inavyotakiwa, ni dakika 30 tu. Wageni 10 wanaozama mara 2 kwa siku huhitaji mitungi 20 iliyojazwa, na mashine ya kuijaza inayonywa mafuta na kubadilishwa chujio kwa wakati. Mashine hiyo ikivuta moshi wa injini yake yenyewe, huweka sumu ndani ya mtungi, na mgeni anaweza kufa kwa hewa aliyoinunua. Mitungi hupimwa nguvu kila baada ya miaka michache. Mwalimu lazima awe na cheti kinachotambulika, na kampuni iwe na bima.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wa tiketi hulisahau. Mwili wa mpiga mbizi hubaki na naitrojeni, na akipanda ndege mapema inaweza kutoa mapovu katika damu na viungo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kungoja angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudia. Maana yake kibiashara ni kwamba siku ya mwisho ya kila mgeni wa mtungi haiuzwi kwa mtungi. Penye mpango mzuri, siku hiyo huuzwa kwa miwani na mrija, matembezi ya msituni au ziara ya magofu ya Kua kwenye kisiwa cha Juani, ng'ambo ya ghuba ya Chole. Penye mpango mbovu, mgeni huketi akitazama saa, na hoteli humlisha bure.

Kisiwa kitupu hakipo

Mwekezaji anapotazama ramani, huona kisiwa kisicho na watu. Mvuvi anayeishi ng'ambo huona dago lake, mahali pa kuanika samaki na kungoja upepo. Misali, magharibi ya Pemba, ni ushahidi. Mpango wa kujenga hoteli huko katika miaka ya 1990 ulipingwa na wavuvi waliokitegemea kisiwa hicho, na mwaka 1998 kikafanywa eneo la hifadhi ambamo uvuvi unaendelea kwa masharti. Aliyepanga faida ya vitanda alikuta kuna watu ambao hesabu zao ni za zamani zaidi.

Chumbe ilichukua njia ya kuajiri. Walinzi wa mwamba walitafutwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya karibu, wakafundishwa kuogelea chini ya maji, majina ya viumbe na lugha ya kuongozea wageni. Hawana silaha. Kazi yao ni kumsogelea mvuvi aliyeingia ndani ya mpaka, kumsalimu, na kumweleza kwamba samaki wanaozaliwa humo hutoka nje na ndio atakaowavua kesho. Chombo kikiharibika karibu na kisiwa, walinzi haohao ndio hutoa msaada. Upande wa mashariki uvuvi haukukatazwa. Watoto wa shule za Zanzibar huletwa kisiwani kujifunza, na wengi wao ni mara ya kwanza kuutazama mwamba ambao wazazi wao hula kutokana nao.

Gharama hizo, mshahara wa mlinzi na mafuta ya safari ya wanafunzi, haziingizi senti siku ileile. Mhasibu mgeni angezifuta. Lakini bila hizo, ulinzi ungehitaji bunduki na boti za doria, ambazo ni ghali zaidi na hazileti ujirani.

Hatari isiyozuiwa na mlinzi

Lipo moja ambalo hakuna mkataba unaolizuia. Maji ya bahari yakipata joto kupita kawaida kwa wiki kadhaa, matumbawe hutoa vimelea vinavyoyapa rangi na chakula, yakabaki meupe. Joto likishuka mapema hupona. Likiendelea hufa. Mwaka 1998, mwaka uleule Chumbe ilipoanza biashara kamili, joto la El Nino liliua matumbawe mengi magharibi ya Bahari ya Hindi, na baadhi ya miamba ya Mafia iliumia vibaya. Mwaka 2016 joto lilirudi. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima ilikuwa katika tukio la nne la aina hiyo.

Mwamba uliolindwa vizuri, wenye samaki wa kula mwani na maji yasiyo na uchafu, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kurudi hali yake. Chumbe iliumia na ikarudi. Hata hivyo kupona si dhamana. Bima ya moto italipa banda lililoungua, lakini kununua mwamba mpya wa umri wa mamia ya miaka hakuwezekani kwa bei yoyote. Mwekezaji anayekadiria faida ya miaka 20 kwa mwamba wa leo, bila kuweka miaka mibaya katikati, anajidanganya.

Nafasi ya mtaji mdogo

Kampuni ya Chumbe ni ya binafsi, na hisa zake hazinunuliwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayetaka hisa za hoteli zinazouzwa kwa umma ataangalia kampuni kama TPS Eastern Africa ya hoteli za Serena, iliyoingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1997, lakini hiyo ni biashara ya hoteli nyingi za mbugani, mjini na pwani, si ya mwamba mmoja.

Kwa mtaji mdogo, riziki iko pembeni ya kisiwa. Kisiwa hakilimi, hivyo mboga, matunda, mayai na viungo hutoka ng'ambo kila siku. Muuzaji anayeweza kuleta mzigo uleule, kwa ubora uleule, saa ileile ya kuondoka mashua, hupata soko la kudumu. Samaki hununuliwa kwa wavuvi, na hoteli inayojali jina lake itauliza alivuliwa wapi na kwa chombo gani. Mafundi wa injini za mashua, wa umeme wa jua na wa makuti huhitajika mwaka mzima, hasa wakati wa kufunga. Vijana wanaojua kuogelea, lugha moja ya kigeni na majina ya samaki ni wachache kuliko nafasi zilizopo. Ada ya kozi ya uokoaji ni kitega uchumi chenye hatari ndogo kuliko mashine ya kujazia mitungi.

Mwenye mashua anayetaka kupeleka wageni kwenye miamba ya wazi ana la kuzingatia zaidi. Nanga ya chuma ikiburutwa juu ya mwamba huvunja kwa dakika moja kilichokua kwa miaka mingi. Kufunga kwenye boya hakuharibu kitu. Penye mashua nyingi kuliko maboya, kama miamba inayopendwa inavyoshuhudia siku za msimu, kila mmoja hupata abiria leo na wote kwa pamoja hula mtaji wa mwakani.

Maswali kabla ya kutia fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeletewa andiko la hoteli ya kisiwani, au anayeombwa kuchangia mtaji, angepata picha kamili kwa kuuliza haya.

Mkataba ni wa miaka mingapi, na wa kitu gani? Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mwekezaji hukodi. Chumbe ilipewa eneo la mabanda kwa miaka 33, lakini usimamizi wa mwamba kwa mkataba wa miaka 10 unaohuishwa. Bidhaa ilikuwa na mkataba mfupi kuliko ghala. Andiko lisilotaja mwamba ni wa nani, limeuza ghala tu.

Je, makisio ya ujenzi yana nafasi ya kuchelewa mara mbili ya muda? Maji ya kunywa yatatoka wapi, na machafu yatakwenda wapi? Kusi kikivuma, wageni watafanya nini? Fedha za mishahara ya walinzi zipo kwa miezi mingapi ikiwa hakuna mgeni hata mmoja? Na wavuvi waliokuwa wakidago hapo wamekubaliana na nani, kwa maneno au kwa maandishi?

Mwenye andiko atakayejibu yote hayo kwa takwimu anastahili kusikilizwa, hata kama faida anayoahidi ni ndogo. Atakayeonyesha picha za machweo na idadi ya vitanda peke yake, aambiwe arudi akiwa ameuogelea mwamba wake mwenyewe, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, akahesabu kilicho hai.